Kibuyu Nilichompokonya Shemeji Yangu

Ni kweli kwamba nilimpokonya shemeji yangu kibuyu cha maziwa kikiwa tayari mdomoni mwake. Naanza na hilo kwa sababu wasemaji wa mjini Garissa hulitaja kana kwamba wamenifumania, na mimi sijawahi kulikana. Ni kweli pia kwamba maziwa yale yalikuwa na dawa, na dawa ile niliitia mimi kwa mkono wangu. Yaliyobaki katika hadithi yao ni uongo. Sikumroga mume wangu. Sikumlisha kitu bila yeye kujua. Sikumzuia kuoa mke wa pili, na sikuwa nikinyemelea ngamia wake, ambao hadi leo siwezi kumtofautisha mmoja na mwingine.

Nimenyamaza miaka mitano. Ningeendelea kunyamaza, lakini mwezi uliopita watu wa heshima wanaotaka kumposa binti yangu Shukri walimtuma mwanamke kwa jirani yangu Habibo, aulize kama ni kweli mama wa msichana ndiye yule aliyetia dawa katika maziwa. Habibo aliniletea swali hilo pamoja na bakuli tupu la kuazimia sukari. Nilimpa sukari. Jibu naliandika hapa, mwaka huu wa 1959, ili wakwe hao walisome au wasomewe, na nakala ikae katika sanduku la Shukri.

Mume wangu aliitwa Shurie. Baba yangu alikuwa mkalimani wa serikali kule Kismayu, na Waingereza walipoukabidhi mji ule kwa Waitaliano tulihamia Garissa. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Unguja, nikapelekwa kwake, nikasoma miaka minne katika shule ya wasichana. Niliporudi, Shurie alinioa. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa kutembea na wanyama kutoka Wajir hadi mtoni, na hakujua kusoma hata jina lake. Wenzake walimwambia ameoa kitabu. Aliwajibu kwamba angalau kitabu hukaa kimya mpaka kifunguliwe. Kisha akirudi nyumbani alinifungua kwa maswali mpaka chakula kikapoa.

Alijivunia jambo moja tu mbele za watu, nalo ni kukamua. Kwetu ngamia hukamuliwa na wanaume. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameukunja juu ya goti, kibuyu amekiweka kwenye paja, na kifua chake amekiegemeza ubavuni mwa mnyama. Shurie alikuwa na wachungaji, lakini ngamia wachache wa maziwa aliwaweka karibu na mji, mbali kidogo na mbung'o wa mto, ili kila asubuhi aende kuwakamua mwenyewe. Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya mchanga ambaye hakukubali mkono mwingine. Shurie alimsemesha kwa sauti ambayo hata watoto wetu hawakuwahi kusemeshwa nayo.

Mwaka 1953 alianza kwenda haja ndogo mara nyingi na kurudi bila nafuu. Mgongo ulimuuma chini, karibu na nyonga, akasema ni umri. Siku mkojo ulipoziba kabisa tulimpandisha lori la mizigo, nikakaa naye juu ya magunia hadi Nairobi. Huko walimtia mpira wa kutoa mkojo, wakampima, na daktari akasema ni kansa. Imeanzia katika tezi iliyo chini ya kibofu, ambayo wanaume peke yao wanayo, na tayari imefika mifupani. Hakuna wa kuiondoa. Lakini kuna vidonge vya kuilaza, na atavimeza maisha yake yote.

Tuliporudi, vidonge hivyo vilimfikia kupitia kwa Wario, dresa wa hospitali yetu, mtu wa Wajir aliyefunga vidonda vya nusu ya mji huu na hajawahi kutaja kidonda cha mtu. Wario ndiye aliyetueleza kwa maneno ya kueleweka.

"Mzee, sikufichi," alisema. "Ugonjwa huu unakula ile nguvu ya kiume iliyo ndani ya damu. Dawa hii ni mfano wa kitu kilicho katika damu ya wanawake. Inaunyima ugonjwa chakula."

"Na mimi je?" Shurie akauliza. "Mimi itaninyima nini?"

"Utachafukwa na tumbo. Miguu inaweza kuvimba. Kifua pia kitavimba."

"Sema, Wario. Nitaota matiti."

"Madogo. Lakini yatauma."

Shurie alinitazama, kisha akamtazama tena Wario. "Na habari za mke?"

Wario alipanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangika. "Hamu itapungua, mzee. Pengine itakwisha."

Shurie alisimama, akampa mkono, akamshukuru. Tulitembea hadi nyumbani. Mlangoni akaniambia, "Asijue mtu. Hata Keinan." Keinan alikuwa mdogo wake, mfanyabiashara wa Elwak, na katika maisha yao hawakuwahi kufichana hata bei ya mbuzi. Nikajibu, "Hata Keinan."

Namshukuru Mungu kwa vidonge vile, na nataka watu wajue hivyo. Kabla ya mwezi kwisha maumivu ya mgongo yaliondoka. Mtu aliyekuwa akijigeuza kwa kushika kamba alirudi kulala ubavu mmoja hadi adhana. Alikula. Alinenepa. Kisha mengine yakaja, kama Wario alivyosema.

La kwanza lilikuwa kichefuchefu, kila asubuhi.

"Mama Shukri," aliniuliza siku moja, jasho limemtoka usoni, "ulipokuwa na mimba ya Shukri ulikuwa ukila nini?"

"Udongo na ndimu."

"Udongo niachie. Lete ndimu."

Miguu ilivimba jioni. Nilimpunguzia chumvi, na alipolala niliinua nyayo zake juu ya mito miwili na mkeka uliokunjwa. Ndevu zilipungua mashavuni. Machozi yalimjia bila sababu: ndama akilia, mtoto wa jirani akisoma Kurani vizuri. Alikasirika nayo kuliko alivyokasirika na maumivu. Kisha kifua kikavimba, na chuchu zikawa nyeusi na kali hata shati lilimchoma.

Nilichukua kanzu kuukuu ya pamba, iliyolainika kwa kufuliwa, nikakata kitambaa kipana, nikamfunga kifua chote. Nilikifunga kwa nyuma ili fundo lisimguse. Wachungaji wetu hufunga chuchu za ngamia kwa kamba laini ya magome, ndama asimalize maziwa yote. Shurie alisimama mikono juu nikimzungushia kitambaa, akasema, "Kaza vizuri, ndama asije akanimaliza." Nilicheka, naye akacheka. Kicheko chake kikageuka kilio, nikamshika hivyo hivyo, kitambaa nusu kimefungwa.

Tangu siku hiyo aliacha kukamua. Aliwaambia wachungaji kwamba nyonga inamsumbua. Kwangu alisema neno moja tu: "Ngamia hukamuliwa na mwanamume."

Kulikuwa na shida nyingine ndogo, na ndiyo iliyozaa maneno yote haya. Shurie hakuwa amewahi kumeza kidonge. Vilimgandama kooni, akavitapika. Basi nikawa navisaga, natia unga katika maziwa, katika kibuyu kidogo cha peke yake. Alijua. Alikuwa akinitazama nikisaga. "Mwalimu," aliniita, "leo umenisagia uanamke wa kiasi gani?"

Mvua za masika za mwaka 1954 zilipoanza, Keinan alikuja kutoka Elwak na habari njema. Njiani alikuwa amepita Eldas, akazungumza na watu wa huko wenye binti, kwa ajili ya kaka yake. Maneno yalikuwa yamefika mbali. Sitajifanya kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Lakini sikusema lolote, kwa kuwa sheria inamruhusu, na kwa kuwa mimi peke yangu nilijua vile ndoa hiyo isivyowezekana, mimi na Shurie aliyekuwa akiinamisha kichwa na kusikiliza.

Walikuwa wameketi mkekani: Shurie, Keinan, dada yao Fatumo, na wazee wawili wa jamaa. Shurie alikuwa na kibuyu chake kidogo mkononi. Baba yao aliwaachia desturi moja ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuivunja: mwenye nyumba haonji maziwa peke yake mbele ya ndugu. Akishaonja, humpa ndugu kibuyu kilekile. Keinan alikuwa akisifu ukoo wa binti. Shurie akaonja, mawazo yako mbali, na mkono wake ukafanya ulichofanya miaka hamsini. Kibuyu kikaenda kwa Keinan.

Mimi nilikuwa naingia na sinia la chai. Niliona kibuyu kikiinuka. Niliona ndevu nyeusi za shemeji yangu, kifua chake kipana, wake zake wawili na watoto wake kule Elwak. Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliweka sinia chini, nikaruka, nikakivuta. Maziwa yalimwagika kwenye ndevu zake na shati lake.

Mtu aliyekulia kwetu ataelewa. Kumnyima maziwa mpita njia ni aibu ya kusimuliwa. Mimi nilikuwa nimemnyima ndugu wa mume wangu ndani ya nyumba ya mume wangu.

"Shemeji," Keinan alisema polepole, "nimeikosea nini nyumba hii?"

"Maziwa hayo yameharibika."

Keinan alilamba maziwa yaliyokuwa kwenye mdomo wake. Ni mtu aliyekunywa maziwa kabla ya kujua kusema. "Hayajaharibika," akasema. "Yana unga."

"Unga gani, abaayo?" Fatumo aliniuliza. Huwa ananiita dada kwa lugha yetu pale anapotaka kunichinja.

Nilimtazama Shurie. Alikuwa akitazama mkeka, na mkono wake ulikuwa umejikunja kifuani, juu ya shati, mahali pa kitambaa. Niliona kwamba neno langu moja lingeninusuru mimi na kumvua yeye nguo mbele ya wazee.

"Nimeutia mimi," nikasema. "Ni nini, sisemi."

Haya ndiyo yaliyozunguka mji. Fatumo aliyatoa mlangoni kabla chai haijapoa.

Keinan hakula tena kwetu. Alihamia kwa jamaa. Nyumbani, Shurie naye akakataa kibuyu.

"Dawa iliyokuvunjia jina siinywi," alisema.

"Jina langu nitalitunza mwenyewe. Wewe kunywa."

"Mkaidi wewe."

"Na wewe uliniona hivyo ukanioa. Kunywa."

Hakunywa. Siku ya kwanza hakunywa, ya pili hakunywa. Nilikumbuka kamba iliyokuwa ikining'inia juu ya kitanda, ile aliyojigeuzia, nikaenda kuangalia kama bado ipo. Ilikuwepo. Nikaitoa, kisha nikairudisha, kwa kuwa sikujua kama ataihitaji tena.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, Keinan alisimama uani na Fatumo. Hakuketi. Alisema kwa sauti ya kusikika ndani, "Kaka, huyu mwanamke anakuua kwa kijiko kidogo kidogo. Umevimba miguu. Ndevu zinakutoka. Hukamui tena. Mrudishe kwa baba yake kabla hatujakuzika, na binti wa Eldas aje akutunze."

"Kuna unga mwingine ameficha sandukuni," Fatumo akaongeza. "Pamoja na vitabu vyake."

Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikiambiwa niende, nitakwenda bila kufungua mdomo, ila nitampa Wario vidonge vyote na kumwomba afike kila asubuhi. Shurie alitoka nje akijishika ukutani.

"Kesho kukishakucha, walaal," alimwambia ndugu yake, "njoo kwa ngamia. Wewe peke yako. Mama Shukri, utatuletea vibuyu."

Asubuhi hiyo nilifika nyuma yao, nikasimama karibu na boma la miiba. Wachungaji walikuwa wametumwa mtoni. Shurie alivua shuka lake, kisha shati, akanipa mgongo.

"Fungua," akaniambia.

Nilifungua fundo, nikakunjua kitambaa chote. Shurie akageuka kumwelekea mdogo wake, akashusha mikono.

Keinan alitazama. "Nini kimekupata?"

"Kansa. Huko chini, na mifupani. Hii ni kazi ya dawa yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa katika kibuyu. Amenitilia kwa ruhusa yangu, kila siku, na nilimkataza asikwambie. Alikupokonya usije ukaota matiti ya kwako kabla hujafika Elwak."

Keinan hakucheka. Aliketi mchangani, yeye aliyekataa kuketi uani kwangu, akafunika uso kwa mikono.

"Na watu wa Eldas?" aliuliza humo humo mikononi.

"Waambie nimezeeka. Si uongo."

"Wamekuhasi, walaal. Wamekufanya ngamia wa mizigo."

Niliogopa neno hilo. Nilijua Shurie alikuwa amelibeba peke yake miezi yote, nami sikuwahi kuthubutu kulitaja. Lakini alisema kwa utulivu, kama mtu anayekumbusha bei ambayo kila mtu anaijua:

"Tukihama, Keinan, nyumba hubebwa na nani? Dume hutambuliwa kwa povu na makelele. Aliyehasiwa ndiye anayebeba miti ya nyumba, na mikeka, na mwanamke aliyejifungua jana. Umewahi kumsikia baba yetu akimtukana?"

"La."

"Basi inuka. Huyu jike hajakamuliwa vizuri tangu nilipomwacha."

Kwetu ngamia anaweza kukamuliwa na wanaume wawili, mmoja kila upande. Keinan alipangusa uso, akazunguka upande wa pili, akakunja mguu, akaweka kibuyu kwenye paja lake mwenyewe, ili kaka yake asilazimike kukaribiza kifua. Yule jike wa rangi ya mchanga alirusha kichwa kwa kusikia mkono mgeni. Shurie akamsemesha kwa ile sauti yake, akanyoosha mikono tu, kifua mbali. Alisimama kwa miguu miwili kama anayeanza kujifunza. Nilisikia maziwa yakipiga ndani ya kibuyu, ya mmoja na ya mwingine, mpaka povu likajaa.

Keinan alinijia na kibuyu. Hakunitazama machoni.

"Shemeji, huo unga unao?"

Nilikuwa nao, umefungwa katika ncha ya mtandio wangu. Nilikuwa nautembeza hivyo kwa siku tatu. Aliuchukua, akautia katika kibuyu kidogo, akaukoroga kwa kijiti alichokisafisha mara mbili kwenye shati lake, akampelekea kaka yake kwa mikono miwili.

"Kunywa," akasema, "tunahama kesho."

Shurie alikunywa yote.

Tuliporudi, Keinan akiwa ametangulia mbele yetu, mume wangu aliniambia, "Yeye atanyamaza. Na wewe nyamaza. Lakini nikishakufa, siku wakimgusa mtoto wetu kwa jambo hili, sema. Maiti haoni haya."

Keinan alinyamaza kweli. Hakumwambia hata Fatumo. Alimwambia tu kwamba amekosea na kwamba atakula kwangu, akala, na Fatumo akatangaza kwamba sasa nimewaroga wote wawili. Kila masika Keinan alikuja kutoka Elwak na walikwenda kukamua pamoja. Alifariki mwaka jana kwa homa, siri ikiwa kifuani mwake. Mungu amrehemu. Siku nilipomsimulia Wario kisa cha kibuyu alicheka mpaka akashika meza. "Kwa kuonja mara moja?" alisema. "Asingepoteza hata unywele mmoja, mama." Kumbe nilijivunjia heshima bure. Sikujua. Na hata ningejua, sidhani mikono yangu ingengoja.

Shurie aliishi miaka mitatu na zaidi baada ya asubuhi ile, mingi yake bila maumivu. Kile kitambaa nilikifua kila Ijumaa. Mwisho ugonjwa ulizoea dawa, mwaka 1957, na alikwenda haraka, kichwa chake kwenye mapaja yangu, akiniuliza kama jike amekamuliwa.

Hiyo ndiyo dawa, na hicho ndicho kibuyu. Mwenye kumtaka binti yangu ajue kwamba baba yake alikuwa mwanamume, na mama yake hakumtilia mtu sumu.

Habibo alipokuja kurudisha sukari nilimsomea karatasi hii hadi hapo, naye akaniuliza kwa sauti ya chini: miaka yote ile ya dawa, mimi nikiwa bado mwanamke kijana, tuliishije chumbani. Wengine nao najua wanataka kuliuliza hilo.

Hilo sitalijibu, wala kwa Habibo, wala kwa wakwe, wala katika karatasi hii.